Ujasusi, Uenezi na Habari Pandikizi: Uhakiki wa Istilahi Zihusuzo Umoja wa Kisovieti

1. Utangulizi

Mwaka 1983 yalitokea mambo mawili katika sehemu mbili za dunia zilizo mbalimbali, na hapana mtu aliyeyahusisha. Mkoani Kagera, waganga waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, maradhi ambayo wenyeji walikwisha kuyaita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Mwezi Julai wa mwaka huohuo, gazeti la Patriot la New Delhi, India, lilichapisha barua isiyotiwa sahihi. Barua hiyo ilidai kwamba maradhi hayo yalitengenezwa na Wamarekani katika maabara ya kijeshi ya Fort Detrick, katika jimbo la Maryland. Huo ulikuwa mwanzo wa kampeni ambayo mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikuja kuikiri mwaka 1992 kuwa ni kazi ya idara iliyotangulia yake.

Wanaistilahi wa Kiswahili walifanya kazi nzuri juu ya jambo la kwanza. Neno UKIMWI ni fupi, linatamkika, na kirefu chake kinaeleza maradhi yenyewe. Juu ya jambo la pili hatukufanya kitu. Maradhi yalipata jina. Uongo uliofuatana nayo haukupata. Ukaitwa habari, ukaitwa uvumi, ukaitwa propaganda, na kila jina likaacha sehemu yake kubwa zaidi gizani.

Makala haya yalianzia mezani pangu. Mtafsiri mmoja aliniletea sura ya kitabu kuhusu idara za siri za Umoja wa Kisovieti ili niangalie istilahi zake. Alikuwa mtu mwangalifu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Hata hivyo, maneno mawili ya Kirusi yenye uzito tofauti aliyatafsiri yote kuwa "upelelezi", na mengine matatu akayarundika yote chini ya "propaganda". Nilipotaka kumsahihisha niligundua kwamba sikuwa na la kumpa. Kosa halikuwa lake peke yake. Lilikuwa letu sisi ambao kazi yetu ni kuandaa maneno kabla hayajahitajika.

Dai langu ni moja. Istilahi tunazozitumia katika uwanja huu hutuelekeza kuuliza kama habari ni ya kweli au ya uongo, ilhali swali la kwanza linalopaswa kuulizwa ni kama mwenye habari anaonekana au amejificha. Urithi mzito ambao Urusi ya Kisovieti iliuachia ulimwengu wa siasa ni ufundi wa kumficha mwenye habari, na hilo ndilo lisilokuwa na jina katika lugha yetu.

2. Mpelelezi na jasusi

Tuanze na jozi iliyo nyepesi. Kirusi hutofautisha "razvedchik" na "shpion". Wa kwanza ni mtu wetu aliyekwenda kwa adui kutafuta habari, ni shujaa. Wa pili ni mtu wao aliyekuja kwetu, ni mwovu. Kazi yao ni ileile. Richard Sorge, Mjerumani aliyelitumikia jeshi la Kisovieti kwa siri mjini Tokyo, alikamatwa mwaka 1941 na kunyongwa na Wajapani mwaka 1944. Kwa Wajapani alikuwa "shpion". Kwao Urusi, baada ya kunyamaziwa kwa miaka 20, alitunukiwa mwaka 1964 cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti, na mwaka uliofuata sura yake ikatiwa kwenye stempu ya posta. Neno moja la Kirusi lilimtukana, jingine likamvika nishani.

Kiswahili nacho kina maneno mawili, na bila ya sisi kutambua yameanza kufuata mkondo huohuo. "Mpelelezi" ni neno lenye heshima, kwa kuwa limeshikwa na polisi. Anayepeleleza makosa ya jinai anailinda jamii. "Jasusi", lililotujia kutoka Kiarabu, lina harufu ya usaliti na kamba shingoni. Mtafsiri anayemwita wa Moscow mpelelezi na wa Washington jasusi, au kinyume chake, amekwisha kutoa hukumu kabla ya msomaji kusikia shauri. Wala haimsaidii kusema kwamba hakukusudia.

Kwa hiyo napendekeza mpaka ulio wazi. "Mpelelezi" abakie kuwa mtu achunguzaye kwa mujibu wa sheria ya nchi alimo. "Jasusi" awe kila mtu anayekusanya kwa siri mambo ya dola moja kwa ajili ya dola nyingine, awe wetu au wao, apendwe au achukiwe. Istilahi haina chama.

Aidha, tumezoea kumwita kila jasusi aliyejipenyeza "ndumilakuwili". Neno hili ni tamu, lakini ndumilakuwili huuma huku na huku, yaani huwatumikia au huwahadaa wote wawili. Mwingereza Kim Philby hakuwa hivyo. Aliandikishwa na Warusi mwaka 1934, akaingia katika idara ya ujasusi ya Uingereza mwaka 1940, akapanda ngazi hata akakabidhiwa kitengo cha kuwapiga vita Warusi haohao, na mwaka 1963 akatorokea Moscow kutoka Beirut. Muda wote alikuwa na bwana mmoja tu. Huyo si ndumilakuwili. Ni "pandikizi", kama wasemavyo watu katika siasa za vyama kumhusu mtu aliyetiwa katika kundi ili alivuruge kwa faida ya kundi jingine. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Msomaji aliweke akilini neno hili, kwa maana tutalirudia.

3. Usalama wa nani?

Idara iliyojulikana ulimwenguni kwa herufi KGB iliundwa mwaka 1954 na kuvunjwa mwaka 1991, ingawa ukoo wake unaanzia Cheka ya Desemba 1917. Katika matini za Kiswahili jina lake hufasiriwa mara nyingi kuwa "Kamati ya Usalama wa Taifa". Tafsiri hii inakaa vizuri sikioni kwa kuwa sisi wenyewe tunalo jina kama hilo. Lakini neno la Kirusi lililomo humo ni "gosudarstvo", nalo si taifa, ni dola.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Taifa ni watu. Dola ni mamlaka. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na mataifa zaidi ya 100 chini ya dola moja, na kamati ile haikuundwa ili kulinda usalama wa kila moja. Mwaka 1956 Yuri Andropov alikuwa balozi mjini Budapest wakati vifaru vya Kisovieti vilipouzima uasi wa Wahungari. Mwaka 1967 akawa mwenyekiti wa KGB, akaishika hadi 1982. Funzo alilolitoa Budapest lilikuwa juu ya usalama wa dola, na wala si wa taifa lolote. Tukiandika "Kamati ya Usalama wa Dola" tunamweleza msomaji ukweli kwa neno moja. Tukiandika "taifa" tunakuwa, pasipo ujira, waandishi wa tangazo la kamati yenyewe, ambayo nembo yake ilikuwa ngao na upanga, na ambayo siku zote ilipenda ngao itajwe kwanza.

4. Propaganda, uenezi na kasumba

Neno "propaganda" limeingia katika Kiswahili likiwa zima, na limeingia kama tusi. Hatusemi kwamba sisi tunapiga propaganda. Wapigao ni wenzetu. Asili yake haikuwa hivyo. Mwaka 1622 Papa Gregori wa 15 aliunda huko Roma idara ya kueneza imani, na jina la Kilatini la idara hiyo ndilo lililozaa neno hili. Warusi wa mapinduzi walilichukua bila aibu yoyote. Lenin, katika kitabu chake cha mwaka 1902 juu ya nini kifanyike, alifuata tofauti iliyowekwa na Plekhanov: propagandisti huwapa watu wachache mawazo mengi, na ajitatori huwapa watu wengi wazo moja. Mwaka 1920 chama kikawa na idara kamili ya kazi hizo mbili.

Je, tumfasiri vipi ajitatori? Ampendaye atamwita mhamasishaji. Amchukiaye atamwita mchochezi. Na propagandisti? Hapa Kiswahili kina hazina ambayo wengi hawaioni kwa kuwa iko machoni pao kila siku. Chama tawala cha Tanzania kina katibu wake anayeshughulikia itikadi na uenezi. "Uenezi" ndiyo fasiri halisi ya neno lile la Roma na la Lenin: kueneza fikra zako hadharani, kwa jina lako, ili watu wazikubali. Kwa hiyo, mahali ambapo matini ya Kirusi inasema propaganda kwa maana yake ya ndani ya chama, tuandike uenezi. Mahali ambapo inasemwa kwa kulaumu, tuache propaganda. Lugha nyingine zina neno moja kwa maana zote mbili. Sisi tunayo mawili, na si vema kuyachanganya.

Na "kasumba"? Hilo lilikuwa jina la afyuni kabla ya kuwa jina la fikra. Tulilitumia sana katika miaka ya baada ya Uhuru, tukisema kasumba ya kikoloni. Ni neno zuri, lakini halitaji kazi ya msemaji. Lataja hali ya msikilizaji aliyekwisha kuleweshwa. Anayeandika kwamba "Moscow ilieneza kasumba" anachanganya dawa na usingizi.

Hebu sasa tupime. Tangu miaka ya 1960 Radio Moscow ilitangaza kwa Kiswahili, na shirika la vitabu la Progress lilichapa vitabu vya Kiswahili vilivyouzwa kwa bei ndogo. Mengi yaliyosemwa humo yalikuwa ya upande mmoja, na mengine hayakuwa kweli. Lakini aliyefungua redio alijua anamsikiliza nani, na aliyefungua kitabu aliliona jina la Moscow katika ukurasa wake wa kwanza. Aliweza kukubali, kukataa au kucheka. Huo ulikuwa uenezi; asiyeupenda na auite propaganda. Mgeni alibisha hodi na akataja jina lake.

5. Neno linalokosekana

Aliyeingia bila hodi aliitwa kwa Kirusi "dezinformatsiya". Kazi yake ni kongwe kuliko KGB. Mapema mwaka 1923 viongozi wa Kisovieti waliidhinisha ofisi maalumu ya shughuli hiyo. Katika miaka hiyohiyo Cheka na warithi wake waliunda chama cha uongo cha wafuasi wa mfalme, kilichojulikana kwa jina la Trust, nacho kikawavuta mtegoni wapinzani waliokuwa ng'ambo. Sidney Reilly, aliyekuwa jasusi wa Uingereza, alivuka mpaka mwaka 1925 akiamini kwamba anakwenda kwa marafiki, asirudi. Mwaka 1959 KGB ilianzisha kitengo kamili cha kazi hii chini ya Ivan Agayants. Baadaye kikaitwa kwa herufi A, kwa ajili ya maneno ya Kirusi ambayo tafsiri yake ni "hatua tendaji".

Nitue kidogo hapa. "Hatua tendaji" ni tafsiri sahihi ya maneno, lakini maneno yenyewe yalitungwa ili yasiseme kitu. Mwanaistilahi afanyeje anapokutana na jina lililoundwa kuficha? Naona jibu ni kutenganisha mambo mawili. Jina la idara tulifasiri kama lilivyo, kwa kuwa jina ni mali ya mwenyewe. Dhana yenyewe tuiingize katika orodha zetu kwa jina lisemalo ukweli: "hila za siri za dola". Chini ya hizo huja barua za kughushi, vyama vya bandia, fedha za siri kwa magazeti, na dezinformatsiya.

Dezinformatsiya yenyewe hufasiriwa leo kuwa "habari za uongo", "habari potofu" au "uzushi". Fasiri zote tatu zinatazama yaliyomo. Na hapo ndipo zinapokosea, kwa sababu ufundi wa kazi hii ni kwamba sehemu kubwa ya yaliyomo huwa kweli. Irudie barua ya New Delhi. Ni kweli kwamba jeshi la Marekani lilikuwa na mradi wa silaha za vijidudu katika Fort Detrick, mradi ambao Rais Nixon aliusimamisha mwaka 1969. Ni kweli kwamba huko Tuskegee, Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa Marekani waliwaacha mamia ya wanaume weusi wakiteswa na kaswende bila ya tiba ili waone maradhi yataishia wapi. Mwafrika aliyeijua habari hiyo hakuwa mjinga kuamini ya Fort Detrick. Uongo ulikuwa mmoja tu, nao ulizungukwa na kweli kama mwiba katika mnofu.

Tazama sasa safari yake. Oktoba 1985, jarida la Literaturnaya Gazeta la Moscow lilichapisha makala ya Valentin Zapevalov, likitaja Patriot kuwa ndilo chimbuko la habari. Yaani mwenye neno alilinukuu neno lake mwenyewe kutoka kinywani mwa mwingine. Kisha Jakob Segal, mwanasayansi wa Ujerumani Mashariki, akalivika vazi la kitaalamu, na kijitabu chenye hoja zake kikagawiwa Harare mwaka 1986 wakati wa mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Kufikia mwaka 1987, kwa hesabu ya Serikali ya Marekani, dai hilo lilikuwa limetangazwa katika nchi zaidi ya 80, kwa lugha zaidi ya 30. Sayansi inasema vingine: virusi hivyo vilitoka kwa sokwe wa Afrika ya kati mapema katika karne ya 20, na vimeonekana katika damu iliyochukuliwa mjini Kinshasa, wakati huo Léopoldville, mwaka 1959, miaka mingi kabla ya wanasayansi kujua kuunganisha jeni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Njia hii haikuwa fupi. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, alikuwapo mzee mmoja mtaani kwetu, fundi seremala, aliyekonda mbele ya macho yetu. Wanawe walimsihi aende akapime, kwani dawa zilikuwa zimekwisha kufika. Alikataa. Alisema kwamba maradhi yaliyotengenezwa na wazungu hayawezi kuponywa na wazungu. Tulimzika mwaka uleule. Sidai kwamba barua ya New Delhi ndiyo iliyomwua. Mtu hufa kwa sababu nyingi. Nasema tu kwamba hakupata kulisikia jina la Patriot, wala la Literaturnaya Gazeta, wala la Segal. Wazo lilimfikia likiwa halina baba, naye akalipokea kama yatima, akalilea kama lake. Lisemwalo lipo, alituambia, na kama halipo laja. Dhidi ya methali hiyo hatukuwa na neno la kumjibu. Kumwambia "hizo ni habari za uongo" kulimfanya ataje Tuskegee, na Tuskegee ilikuwa kweli.

6. Pendekezo

Napendekeza, kwa kamati na kwa wasomaji, kwamba dezinformatsiya iitwe "habari pandikizi". Sababu zangu ni nne.

Kwanza, usahihi. Kupanda si kupandikiza. Mbegu hupandwa pale itakapoota. Mche hupandikizwa: umeoteshwa katika kitalu kwingine, ukahamishwa ungali mchanga, na apitaye baadaye huamini kwamba ulichipuka papo hapo. Ndivyo barua ya New Delhi ilivyofanywa. Neno halisemi kama mche ni mzuri au mbaya. Lasema kwamba haukuota hapa.

Pili, uzazi. Tunapata mara moja kupandikiza habari, upandikizaji, mpandikizaji, na habari iliyopandikizwa. "Habari potofu" haina mtendaji ndani yake. Inaweza kupotoka yenyewe, kama vile gari linavyoacha njia. Kwa hiyo "habari potofu" na ibakie kwa makosa yasiyokusudiwa, na "uzushi" kwa lililobuniwa bila msingi, hata kama mbuni wake anajulikana.

Tatu, ukoo. Mtu pandikizi na habari pandikizi ni ndugu: Philby ni mtu aliyefichiwa bwana wake, na barua ile ni neno lililofichiwa msemaji wake.

Nne, tabia ya lugha. Kiswahili kimezoea kutaja kitu kwa kile kinachokificha. Askari anayekwenda kazini bila sare tumemwita askari kanzu. Hatukumtaja kwa matendo yake, ambayo huenda yakawa mema. Tumemtaja kwa vazi lake.

Wapo watakaopinga kwamba "pandikizi la mtu" ni mtu wa miraba minne. Ni kweli, na jitu hilo litaendelea kuishi kwa amani. Muundo wa maneno unatosha kutenganisha maana hizo, kama ulivyotosha kutenganisha kaa la moto na kaa wa pwani.

7. Hitimisho

Asije mtu akafikiri kwamba neno hili ni la kuwapiga nalo Warusi peke yao. Jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, na mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwaka 1962, vilisaidiwa na shirika la utamaduni ambalo baadaye lilifichuliwa kuwa likipokea fedha za shirika la ujasusi la Marekani. Waandishi wale waliandika walichokiamini, na mengi yalikuwa bora. Hata mhariri mwenyewe hakujua fedha zilikotoka. Ndiyo maana napima mwenye habari na wala si uzuri wa habari. Msomaji wa Kampala alikuwa na haki ya kujua nani anayelipa, kama alivyokuwa nayo yule wa New Delhi.

Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991, lakini kitalu hakikufungwa. Mwaka 2018 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki Warusi, wakiwamo maofisa 12 wa ujasusi wa kijeshi, kwa kuingilia uchaguzi wa mwaka 2016. Baadhi ya washtakiwa wengine walidaiwa kujifanya raia wa Marekani katika mitandao. Oktoba 2019 kampuni ya Facebook ilifunga kurasa zilizohusishwa na mfadhili wa Kirusi, Yevgeny Prigozhin, zilizowalenga wasomaji wa nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Msumbiji na Kongo; nyingine ziliendeshwa na wenyeji wa nchi hizo, kwa hiyo zilinena kama jirani anavyonena. Na hadithi ya maabara za Kimarekani zinazotengeneza maradhi ilirudi mwaka 2018 ikihusu Georgia, na mwaka 2022 ikihusu Ukraine. Mche ni uleule, shamba limebadilika.

Kazi ya mwanaistilahi si kupambana na majasusi. Hana silaha, na mshahara wake hautoshi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtu anapokutana na kitu, neno lake lipo. Mwaka 1983 hatukuwa nalo. Mzee yule seremala angeulizwa, badala ya "je, ni kweli?", swali jingine: "mche huu umetoka kitalu gani?" Huenda angekataa kujibu. Lakini angalau swali lingekuwapo, kwa lugha anayoielewa.